Shahidi wa Arobaini na Mbili

Kalamu ilikuwa bado iko hewani, palepale tulipoiacha Jumamosi iliyopita.

"Rudia, mzee," alisema Mwenyekiti wa kamati ya kisiwa, akitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Huenda hatukukusikia vizuri."

"Nimesema sijaona kitu," akajibu mzee aliyesimama mbele ya meza. "Hao popomoto mnaowasema, mimi sijawaona. Hata mmoja. Hata ubawa."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Na mwenye kalamu, maskini, alikuwa Karani wa kamati. Mzee aliyesema maneno hayo alikuwa baba yake mzazi.

Kwa aliyechelewa kuingia, asogee hapa akae, tumweleze kwa pumzi moja. Kwa miezi mitatu watu wa kisiwa hiki wamekuwa wakiapa kwamba wanawaona popomoto, wale viumbe wa hadithi za mababu, wenye mbawa, wanaowaka mwili mzima, wanaoruka usiku kutoka mlimani hadi baharini. Watu arobaini na mmoja wameshaandikisha maelezo kwa Karani. Mtaalamu ameletwa kwa boti ya Alhamisi kuja kuyasikiliza, na akiridhika, kisiwa kitaingizwa kwenye kitabu cha maajabu ya dunia, nao wageni watamiminika.

Mwenyekiti hakusubiri aridhike. Alikwisha kuchapisha fulana mia tatu zenye picha ya popomoto akicheka. Nyumba ya wageni ya shemeji yake ilikwisha kupewa jina jipya, Kasri la Popomoto, ingawa choo kilibaki kilekile. Hata Kinyozi alikuwa na mkato mpya wa mbawa mbili, uliowapendeza wenye masikio makubwa peke yao.

Alibaki shahidi mmoja tu. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyemwomba: Mtunza Taa wa zamani, mzee huyuhuyu, aliyekesha juu ya mnara wa taa miaka thelathini na moja, kabla haijaletwa hii taa inayojiwasha yenyewe.

"Aliyekesha juu kuliko wote," Mtaalamu alisema, "lazima ameona kuliko wote."

Kumbe!

"Mapumziko ya chai!" akapaza sauti Mwenyekiti.

"Chai tumeshakunywa," akasema mtu.

"Basi mkanyooshe miguu!"

Akamshika Karani kiwiko, akamvuta mpaka stoo, mle kwenye viti vilivyovunjika na mabunda ya fulana. Akafunga mlango.

"Baba yako anaumwa?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Amekunywa nini asubuhi?"

"Chai ya maziwa."

"Sasa nisikilize, dada. Watu arobaini na mmoja wameona. Yule kipofu wa sokoni ameona!"

"Yule alisema amesikia. Wewe ndiye uliyeniambia niandike ameona."

"Tusirudi nyuma." Mwenyekiti akajifuta jasho kwa fulana moja ya bunda. Uso wake na uso wa popomoto vikakaa pamoja kidogo, na Karani akageuza macho pembeni. "Wewe na baba yako mnaishi wapi?"

"Unapajua. Vile vyumba viwili chini ya mnara."

"Vya nani?"

"Vya kamati."

"Alivipata kwa kazi gani?"

"Kukesha."

"Haya, tufikiri pamoja. Popomoto wapo. Hilo halina ubishi, fulana zimeshachapwa. Kama wapo, na yeye hakuwaona miaka thelathini na moja, alikuwa anafanya nini kule juu?"

Karani akautazama mlango uliofungwa.

"Alikuwa amelala," akasema Mwenyekiti kwa upole mkubwa, kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Na aliyelala zamu hana haki ya nyumba ya zamu. Nakupa nusu saa. Baba yako aone, au mhame leo kabla ya jua kuzama."

Wasomaji, msidhani Karani aliogopa kwa ajili ya kuta na mabati. Kuta zipo kila mahali. Alikuwa akijua jambo ambalo kamati haikulijua: macho ya baba yake yalikuwa yamefifia mwaka wa tatu huu, na mzee alificha. Mle vyumbani alitembea kwa kumbukumbu. Hatua sita mpaka mtungi, hatua tisa mpaka mlangoni, mkono wa kushoto kitasa. Mhamishe leo, na kesho utakuwa na kipofu.

Alimkuta baba yake karibu na dirisha. Dobi alikuwa amempisha kwenye kiti chake, na kwa kuwa jua lilimpiga mzee usoni, Dobi huyohuyo alikuwa amesimama mbele ya dirisha bila kusema kitu, akijifanya anatazama nje. Kivuli chake kilimtosha mzee.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ungesema hukumbuki."

"Nakumbuka."

"Ungesema labda."

"Labda ni neno la mtu aliyesinzia." Mzee akashusha sauti. "Kila alfajiri nikishazima taa nilifungua daftari la zamu. Upepo, bahari, kilichoonekana. Miaka thelathini na moja nimeandika kwa mkono wangu: shwari, hakuna kilichoonekana. Nikisema leo kwamba niliona, basi daftari lote ni la uongo. Mwambie bosi wako achague, anataka mlala zamu au mwongo?"

"Amechagua nyumba, baba."



"Lini?"

"Kabla ya jua kuzama."

Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaufunika kwa wake.

"Wewe chai umekunywa?" akauliza.

Kengele ikalia.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Tangu ashuke botini alikuwa amemshukuru kila mtu aliyemsogezea kiti, jambo lililomfanya Mwenyekiti amdharau kidogo.

"Nimesoma maelezo yote arobaini na moja," akaanza. "Nimefanya kazi hii katika visiwa kumi na saba. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Makofi! Vigelegele! Fundi Cherehani akakumbatiana na Muuza Nyama, watu ambao hawakusalimiana tangu ugomvi wa ukuta.

"Shahidi wa kwanza anasema popomoto alikuwa mkubwa kama mlango wa jikoni, aling'aa kama sufuria mpya, na mbawa zake zilitoa sauti ya shuka linalokung'utwa. Wa pili anasema mlango wa jikoni, sufuria mpya, shuka linalokung'utwa. Wa tatu vilevile. Wa arobaini na moja vilevile." Akaivua miwani. "Neno kwa neno. Mpaka mkato na nukta."

"Umoja, Mtaalamu!" akadakia Mwenyekiti. "Kisiwa hiki kina umoja!"

"Naona. Sasa naomba mmoja wenu anisimulie kwa mdomo wake, bila karatasi."

Makofi yakafa ghafla.

Muuza Nyama alikuwa mtu wa kwanza kusimama, kwa sababu alisukumwa.

"Alikuwa... tuseme ng'ombe," akasema. "Dume. Kama kilo mia mbili hivi, ukitoa kichwa na miguu."

"Ng'ombe gani!" akaruka Fundi Cherehani. "Alikuwa na upana wa mita tatu na robo. Na pindo chini."

"Na nywele," akasema Kinyozi.

"Popo mwenye nywele ulimwona wapi?"

"Wewe ulimwona kwa mbele. Mimi nilimwona kisogoni. Zinahitaji kupunguzwa."

"Nywele zinazowaka moto?"

"Ndiyo maana nasema zipunguzwe!"

"Tulieni!" Mwenyekiti akagonga meza. "Mtaalamu, hawa wamechoka. Wasome kwenye karatasi. Karatasi haichoki."

Hapo Karani akasimama. Hakuwa amepanga. Miguu ilisimama, yeye akafuata.

"Maneno ya kwenye karatasi ni yangu," akasema.

Hata nzi waliacha kuruka.

"Shahidi wa kwanza alikuwa Dobi. Mnamjua, ulimi wake unakwama. Alifika 'mwa', akabaki 'mwa, mwa', na watu waliokuwa foleni wakaanza kumcheka. Nikamwonea huruma. Nikamwazima maneno ili amalize upesi aende zake. Nikaweka shuka kwa kuwa yeye ni dobi."

"Na mlango wa jikoni?" akauliza Mtaalamu.

"Ofisi yangu inatazamana na jiko. Ndio niliokuwa nauona."

Kicheko kikaponyoka nyuma, kikazibwa kwa kiganja.

"Wa pili akaniambia, niandikie kama ya Dobi, imekaa vizuri. Wa tatu akasema, mimi nisipungukiwe na wa pili. Nikaona nikimpa mmoja maneno mazuri na mwingine mabaya nitakuwa nimebagua. Basi nikawapa wote sawa." Akamgeukia Mtaalamu. "Sikuona ubaya. Niliona kama kumgawia kila mtu kipande sawa cha mkate."

"Kwa hiyo unatuita waongo!" akanguruma Muuza Nyama.

"Hapana, kaka. Nawaita watu walioniomba."

"Mimi nilisema sufuria mpya kwa kinywa changu!"

Mwanamke akainuka safu ya nyuma. Alikuwa mke wake.

"Sufuria mpya uliijulia wapi? Mwaka wa sita huu nakuomba!"

Ukumbi ukapasuka. Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia nguzo. Hata mgambo wawili wa mlangoni wakageukia ukuta ili kamati isiyaone mabega yao.

Mtaalamu peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Dobi.

"Na wewe, kaka? Uliona nini?"

"Huyo tutakesha hapa," akasema Mwenyekiti.

"Sina haraka. Boti yangu ni Jumatatu."

Dobi akatikisa kichwa. Mikono yake mikubwa iliyochakaa kwa sabuni ikashikana. Hapo Karani akafanya jambo dogo ambalo wengi hawakulitambua: aliiacha meza yake, akaenda akasimama kando ya Dobi, akaukabili ukumbi. Aliyetaka kucheka ilimbidi amcheke yeye pia.

Hakuna aliyecheka.

"Mwa... mwanga," akasema Dobi. "M-mdogo. Ulipita ju... juu ya kamba zangu za nguo. Po-polepole. Ukaenda. Ni-nikafurahi."

"Basi?"

"Basi. Si-siku ile sikufika hapo pa ku-kufurahi. Waliniwahi."

Mtaalamu akaandika kila neno, pamoja na kukwama kwake. Kisha akayasukuma yale maelezo arobaini na moja mpaka ukingoni mwa meza, akaliweka jani hilo moja katikati.

"Hili ndilo la kwanza," akasema.

Arobaini na mmoja wakawa mmoja! Tena mmoja mwenye mwanga mdogo, usio na kilo wala pindo! Mwenyekiti aliona fulana zake mia tatu zikigeuka matambara ya kudekia. Uso ukamwiva.

"Karani, kuanzia sasa huna kazi!" akafoka. "Umelichafua jina la kisiwa! Na hiyo nusu saa imekwisha. Nyie mgambo! Nendeni mnarani mkatoe kitanda cha mzee nje!"

Mgambo wakatazamana, kisha wakatazama viatu vyao.

"Mnasubiri nini?"

"Kitanda tu, Mwenyekiti?" akauliza mmoja, kwa matumaini.

"Kitanda, godoro, na kila kilicho juu yake!"

Wakaenda, polepole kama watu wanaotafuta shilingi iliyopotea njiani. Ukumbi na mnara vinatazamana, uwanja mmoja tu uko katikati. Watu wakasogea madirishani. Haukupita muda, wakaona miguu minne ya kitanda cha mbao ikitokeza mlangoni, ikifuatiwa na godoro jembamba lenye shimo katikati, pale mtu mmoja alipolala miaka mingi.

Mzee hakuweza kukiona kitanda. Alichosikia ni ukimya wa watu, akaelewa.

Akasimama.

"Mwacheni binti yangu," akasema. "Andikeni. Niliona."

"Alaa!" Uso wa Mwenyekiti ukayeyuka kama siagi. "Mzee wetu! Hazina yetu! Leteni kiti kwa mzee! Karani, nimekurudisha kazini, kaa uandike!"

Karani hakukaa.

"Sitaandika," akasema. "Baba, usifanye hivi. Tutapata pa kulala."

"Nyumba nyingine sijaijua milango yake," akasema mzee kwa sauti ya chini, na Karani akafahamu kuwa baba yake alijua kwamba yeye anajua. "Andika, mama. Shahidi akisema, karani anaandika. Ndiyo kazi tuliyokufundisha."

Karani akarudi mezani, macho yamejaa maji. Baba yake alikuwa amemdanganya mara mbili tu maishani: aliposema mama atapona, na aliposema bado anasoma gazeti. Mara zote mbili uongo ulimtoka kwa shida, alisafisha koo kwanza na akaangalia chini. Karani akakisubiri kile kikohozi, akauliza swali la kwanza la fomu.

"Ilikuwa usiku gani?"

"Usiku uliozaliwa wewe," akasema mzee.

Hakukohoa. Hakuangalia chini.

Baba yake hakuwa akidanganya!

"Mama yako alishikwa na uchungu saa nne," akaendelea mzee, na sasa alikuwa akimwambia binti yake tu, kana kwamba ukumbi hauna watu. "Mkunga alikaa ng'ambo ya kilima. Mtunza taa haachi taa, hiyo ndiyo sheria. Mimi niliiacha. Nikamkabidhi msaidizi wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, nikamwambia usibanduke. Nikakimbia. Nilipofika juu ya kilima nikageuka kutazama. Taa imezimika! Mnara mweusi tii. Halafu pale juu, kwenye ukingo wa mnara, kitu kikawaka. Kikafungua mbawa, kikaruka baharini, kikawaka, kikawaka, kikapotea."

"Ulifanya nini?" akanong'ona Mtaalamu.

"Nilikuwa na mke anayejifungua. Nilikimbia kwa mkunga. Tuliporudi taa inawaka kama kawaida, na kijana ameketi ngazini analia. Sikumuuliza neno. Nilijua nikiuliza nitapaswa kuandika, na nikiandika atafukuzwa, na mama yake mjane alikuwa hana mwingine. Alfajiri niliandika shwari, hakuna kilichoonekana. Ndio ukurasa mmoja wa uongo katika daftari langu. Toka siku hiyo nikasema sijaona kitu, kwa ajili ya kijana yule, mpaka ulimi ukazoea."

"Kumbe aliacha zamu!" akapiga kelele Fundi Cherehani. "Jamani, mmesikia? Ameacha zamu, kwa mdomo wake! Sasa nyumba ndiyo hana kabisa!"

"Ni kweli," akasema mzee. "Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo. Nilikuja kutoa uongo ili tubaki na nyumba. Nimejaribu, umekataa kutoka."

Watu wakamgeukia Mwenyekiti wasikie hukumu. Ndipo likaonekana jambo la ajabu: mtu aliyepaswa kufoka kuliko wote alikuwa kimya. Kikombe cha chai kilikuwa kikigongagonga kisahani mkononi mwake.

"Huyo kijana yu hai?" akauliza Mtaalamu.

"Yu hai," akasema mzee. "Yumo humu ndani. Nimemsitiri miaka thelathini na tisa, na leo asubuhi amenipa mpaka jua kuzama."

Kikombe kikaanguka.

"Kikao kimeahirishwa!" akapiga ukelele Mwenyekiti. Ukelele ulikuwa mwembamba, si wa mtu wa miaka hamsini na minane. "Kimeahirishwa! Tokeni! Fungeni madirisha!"

Hakutoka mtu. Hata wa nje waliingia.

Karani akayapitia haraka yale maelezo arobaini na moja, jina kwa jina. Muuza Nyama yumo. Kinyozi yumo. Kipofu wa sokoni yumo. Mtu aliyewahimiza wote waandikishe, aliyewasubirisha foleni, aliyewachapia fulana, yeye mwenyewe hakuwahi kuandikisha hata mstari. Miezi mitatu, na Karani hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Akachukua karatasi mpya.

"Jina la msaidizi, baba?"

"Jina lake atalitaja mwenyewe," akasema mzee, bila hasira. "Mimi nimechoka kumbeba. Halafu aseme ni kitu gani alikiwasha akakirusha baharini, na kwa nini taa ilizimika. Akitaka tuhame baada ya hapo, tutahama."

Mwenyekiti akatazama dirishani. Kitanda cha mzee kilikuwa katikati ya uwanja, juani, na mgambo mmoja alikuwa amelikunja godoro vizuri, akilishika kifuani ili lisiguse vumbi.

Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, Mwenyekiti alikaa bila kwanza kuangalia ni nani anamtazama akikaa.

"Warudishe kitanda," akasema.

"Unasemaje, Mwenyekiti?"

"Nimesema kitanda cha mzee kirudishwe mahali pake! Palepale kilipokuwa, upande uleule!" Akajifunika uso kwa viganja, na maneno yakatoka katikati ya vidole. "Miaka yote hii nilidhani hukuona, mzee. Nilichapa fulana, nikachora vibao, nikawasukuma watu waseme wameona, waseme wote, waseme upuuzi wowote, ili nisiwe peke yangu."

"Peke yako kwa lipi?" akauliza mzee. "Sema tu, mwanangu. Uliwasha nini?"

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Sikuwasha kitu, mzee. Sikurusha kitu. Nilipopanda kuangalia kwa nini taa imezimika, nilikikuta kimeikumbatia kwa mbawa zake. Kikageuza kichwa, kikanitazama," akasema, "kisha kikaniita kwa jina."